Uji wa Mama Daria

Jumanne, kabla giza halijaingia

Kama ningesema ukweli jana, Elie wangu asingelishwa uji leo.

Jana jirani yangu hapa kambini, Mama Daria, alikwenda kwenye mgao wa chakula, akaniachia kichanga chake. Kikalia kwa njaa. Kwetu Burundi mtoto wa jirani akilia hivyo unamnyonyesha, huulizi. Mimi nilimbembeleza tu. Aliporudi akashangaa, nikamwambia maziwa yamenikauka. Kifua kilikuwa kimelowa, nikajifunika kitenge. Ningemwambiaje kuwa nina virusi vya UKIMWI? Kambi nzima ingejua kabla ya jioni.

Leo asubuhi nilikwenda bombani nikamwacha Elie amelala. Narudi, namkuta Mama Daria amempakata, anamlisha uji kwa kijiko.

Elie ana miezi mitatu. Nesi alinikanya: maziwa yangu tu mpaka miezi sita, hata maji asionje, maana vyakula vingine humchubua utumbo, virusi vikapata pa kupita. Miezi mitatu nimemlinda, mimi na vidonge vyangu. Sasa uongo wangu mwenyewe...

"Usihangaike, dada," aliniambia. "Majirani tupo. Nitamletea kila asubuhi."

Na ule unga ameupunguza kwa wanawe. Mgao wenyewe hautoshi.

Nilipaswa kumpokonya kile kijiko. Nilisema asante, nikasimama pale nikimtazama mpaka kikombe kikaisha.