Chumba cha Mama Nekesa, Saa Nne Asubuhi

Alhamisi, Ruiru. Ile baridi ya Julai, mawingu yameziba tangu alfajiri. Nimechoka, na si kazi iliyonichosha. Ni kujua nimekosea na sina wa kumsukumia lawama.

Wanaosoma hapa wamezoea kelele zangu za HDR. Kwa mgeni: unapiga picha ile ile mara tatu, moja ya giza, moja ya kawaida, moja ya mwanga mwingi, halafu kompyuta inaziunganisha. Wapiga picha wa harusi kule Thika husema huo ni upodozi. Mimi huwajibu kwamba jicho la mtu huona dirisha na kona ya chumba kwa wakati mmoja, kamera haiwezi, kwa hivyo HDR inaisaidia kamera kuona kama sisi.

Bado naamini hivyo. Shida ni mimi.

Kuna ajenti wa nyumba anayenipa kazi ya kupiga picha za bedsita, vile vyumba kimoja vya kupanga. Ploti za kupangisha za huku zimebanana, dirisha la huyu linatazama ukuta wa yule. Mwezi jana alinipeleka chumba cha chini kabisa. Ilikuwa mchana, na nilipapasa ukuta kutafuta swichi. Nikapiga zile tatu, nikaziunganisha, nikavuta vivuli juu mpaka giza likapungua, nikavuta tena. Nikaongeza umanjano kidogo pale dirishani. Kikatoka chumba cha jua la asubuhi. Ajenti alifurahi. Mimi pia, tusidanganyane, nilimwonyesha hadi dadangu.

Mama Nekesa aliiona picha hiyo kwa simu akiwa Kiandutu, kule Thika. Ni fundi wa nguo, macho yameanza kumsumbua, na alikuwa amepata kazi ya kushona yunifomu za shule moja hapa Ruiru. Alitaka dirisha la kuweka cherehani. Ajenti akamwambia afanye haraka, wengine wanakitaka. Akahama bila kuja kukiona.

Jana alinipigia, namba yangu alipewa na ajenti, akaniomba nifike. Nilienda nimejitayarisha kutukanwa. Alinipa stuli, akanimiminia chai, akazima taa. Saa nne asubuhi, cherehani iko dirishani, na mimi mwenye macho mazima sindano siioni. Hata taa haimsaidii, iko nyuma yake, kichwa chake mwenyewe kinamzibia mwanga. Akanionyesha kola ya shati aliyoifumua na kuirudia mpaka kitambaa kimelegea. Shule imemwambia yunifomu zikija tena na mshono umeenda upande, kazi inapewa fundi mwingine.

Nikaanza maneno yangu ya jicho na kamera. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Mwanangu, mambo ya kamera siyajui. Wewe ulisimama hapa. Uliona nini?"

"Giza, mama."

"Basi ulijua."

Aliwasha taa akarudia kola yake. Nilitamani angenitukana.

Leo nimempigia ajenti nikamwomba amhamishie Mama Nekesa orofa ya juu, kuna chumba wazi. Akacheka, akasema yeye hakumdanganya mtu, alituma picha tu. Nikamwambia picha ile ni ya uongo na niliyeitengeneza ni mimi, na asipomhamisha nitaonyesha watu chumba kilivyo. Akasema nikithubutu, kazi zake nisahau. Kuhusu chumba, atafikiria.

Sikungoja afikirie. Nimerudi kwa Mama Nekesa na kamera, nikamwomba ruhusa. Picha moja ya kawaida imetoka nyeusi ti, na huo pia ni uongo, kwa sababu mle ndani mtu anaonekana. Nikapiga tatu. Nimeziunganisha nikiwa nimekaa pale pale kwenye stuli yake, nikiangalia chumba, nikiangalia kioo cha kompyuta, na vilipofanana nikaacha. Miaka hii yote ya kuhubiri HDR, nadhani leo ndiyo mara ya kwanza nimeitumia vile ninavyosema.

Kesho sina kazi, na keshokutwa pia sina. Sijui kama Mama Nekesa atapewa chumba cha juu. Namhofia yeye kuliko ninavyojihofia mwenyewe.

Picha ndiyo hiyo hapo chini. Aliyeinama mpaka pua inakaribia kugusa sindano ni Mama Nekesa. Dirisha liko wazi, pazia limefunguliwa lote.