Hawakumngoja

Shoga, tumetoka kwenye kile kikao cha sera ya watu wenye ulemavu. Bado siamini.

Unamjua mdogo wangu, usonji wake unamchelewesha kupata neno la kwanza. Alialikwa azungumze. Akasimama, akashika maiki, akanyamaza kidogo. Kidogo tu, shoga.

Mwenyekiti akaichukua maiki taratibu: "Asante, mtoto wetu. Sasa mama yake atueleze watu kama hawa wanajisikiaje."

Mtoto, na ndevu zote zile. Watu kama hawa, na mwenyewe kasimama pale pale.

Wakampigia mdogo wangu makofi. Mama akaongea, angefanyaje.

Tumefika nyumbani, mdogo wangu kajifungia chumbani. Nikamuuliza mlangoni alitaka kusema nini. Nikasubiri.

"Dada, nilitaka kuwaambia wawe wanatungoja."