Matanga ya Farasi wa Bibi Jeni

Guildford, Sydney

Yaya wangu Faida, dada mkubwa uliyenibeba mgongoni mpaka kiuno kikapinda,

Kwanza salamu, habari zitakuja zenyewe. Mguu unaendeleaje? Shemeji bado anakoroma kama mashine ya kusaga? Sisi huku tunapumua. Nyota mke wangu mzima, watoto wazima. Nawasemesha Kiswahili wananijibu Kiingereza, nami najifanya kiziwi mpaka njaa iwakumbushe lugha ya mama yao.

Usishangae kuona karatasi. Simu yako ukiipokea unaiweka sauti ya juu, mtaa mzima wa Kigoma unachangia mazungumzo. Haya ni ya macho yako tu, ndiyo maana nimempa mke wa mchungaji ayabebe mkononi.

Ile picha yangu ya kofia pana na buti, uliyomwonyesha hadi muuza mkaa, ni ya kweli. Shule niliacha darasa la tano, lakini farasi hawaulizi cheti. Kule bonde la Hawkesbury, nje ya Sydney, ni nchi ya farasi. Wikendi watu wa mjini wanakuja kutembea: wanapanda farasi kando ya mto, wanachoma nyama chini ya miti, halafu wanalala kwenye hema kwa kupenda kwao. Tena wanalipa, yaya! Sisi tuliolala kwenye hema kambini miaka yote ile bure hatukujua tumekalia mtaji.

Shamba lilikuwa la Bibi Jeni, mjane, umri kama wa marehemu shangazi, mikono kama magome ya mti. Aliniita Sid kwa sababu Sadiki ilimshinda mdomoni. Kazi yangu ilikuwa kuwaongoza wageni. Mimi mbele, nyuma yangu madaktari na mawakili wanatetemeka juu ya tandiko, nawaambia wasiogope, babu yangu alikuwa mfalme wa farasi Afrika. Najua, babu yetu hata mkia wa farasi hakuuona. Wageni walifurahi, dhambi iko wapi? Kulikuwa na jike mmoja mzee, mwekundu, anatembea polepole huku analalamika njia nzima. Nikamwita Shangazi. Bibi Jeni naye akamwita Shangazi, hakujua maana yake.

Basi mvua ikanyesha, ikasahau kuacha. Mto ukapanda. Bibi Jeni alifungua mageti yote ili farasi wakimbilie mlimani. Wachache walikwenda. Wengine walirudi kwenye kona ya uzio wanapopewa chakula kila siku, wakasimama pale wakingoja kulishwa, maji yakawakuta pale pale. Barabara ilikuwa imefungwa, sikuweza kufika. Maji yaliposhuka nikafika. Yaya, sitakueleza nilichokiona.

Shangazi alikuwa hai, amenaswa kwenye waya, mguu umevunjika. Bibi Jeni aliingia ndani akatoka na bunduki. "Sid," akasema, "geuka." Nikageuka. Baadaye akaifungia bunduki kwenye sanduku la chuma, ufunguo akautia mfukoni, akaketi kwenye ngazi ya baraza.

Majirani walikuja, mmoja mmoja. Walileta keki, wakamwambia, "Shukuru wewe umepona, wale ni farasi tu," wakarudi kwenye magari yao. Yeye anaitikia kwa kichwa. Trekta iliyofukia farasi akampa jirani. Kisha akaniambia, "Sid, chukua mbwa, wape watoto wako."

Hapo nikaogopa kuondoka.

Unajua kwa nini. Siku wenye bunduki walipoondoka na ng'ombe wetu wote, majirani walimwambia Baba maneno hayo hayo: ni ng'ombe tu, shukuru uko hai. Naye akaitikia kwa kichwa. Fimbo yake akampa baba mkubwa, redio akampa jirani. Wewe ndiye uliyesema, "Tusimwache peke yake." Wakakufukuzia jikoni: msichana anajua nini, ng'ombe hawakaliwi matanga. Asubuhi tulikuta viatu vyake kando ya mto Ruzizi, mwenyewe hayupo.

Nikampigia Mama Debora, kiongozi wa kwaya yetu kule Merrylands. "Kuna msiba kwa bosi wangu. Leteni mikeka." Nikakata simu kabla hajauliza amekufa nani. Huo si uongo, yaya, ni ufupi.

Wakaja na masufuria, mikeka, vitenge, wanaume wamevaa suti nyeusi ndani ya matope.

"Pole sana, ndugu," Mama Debora akasema. "Maiti iko wapi?"

"Imeshafukiwa. Kwa trekta."

"Kwa trekta? Yesu wangu! Ni mume wake?"

"Mume alikufa zamani."

"Basi nani?"

Nikamwonyesha kwa kidevu ule udongo mpya. "Farasi."

Alinitazama mpaka nikatamani yale maji yarudi. "Sadiki. Nimeacha shifti, nimetwanga majani ya muhogo, nimepika sombe tangu jana, umenileta huku kulilia punda?"

"Farasi, mama."

"Nyamaza!"

Nikataka kumjibu. Nikasema, "Mama, baba yangu alikuwa na ng'ombe..." nikashindwa kumaliza. Mimi! Mdomo huu!

Akamtazama Bibi Jeni pale kwenye ngazi. Mama Debora kazi yake ni kuwaogesha wazee wa kizungu, na wengi wamemfia mikononi. "Hana hata mbwa?" akauliza.

"Amenipa mimi."

Hapo akaelewa. Akavua viatu vyake vya kanisani, akakanyaga tope, akaketi kando ya yule bibi na kumshika mkono. Wengine walipoona kiongozi ameketi, wakatandika mikeka.

"Sid, hawa ni nani?" Bibi Jeni akauliza. "Wanataka nini?"

"Hawataki kitu. Wamekuja kukaa na wewe."

"Mpaka lini?"

"Mpaka uwachoke."

Siku ya kwanza hakula. Jirani aliona moshi wetu akaita polisi. Polisi alipokuta watu wanaimba kwa machozi, alivua kofia, akala bugali, akaenda zake. Siku ya pili Mama Debora alimwomba Bibi Jeni awataje marehemu, kama tunavyofanya kwetu. Akaanza, jina baada ya jina, huyu alikuwa mwizi wa karoti, huyu aliogopa vipepeo. Alipofika kwa Shangazi, sauti ikakatika, kilio kikatoka kama mlango wenye kutu. Kina mama wote wakalia naye. Usidhani waliwalilia farasi. Kila mmoja alikuwa na wake ambaye hakupata nafasi ya kumlilia.

Siku ya tatu, tukiwa tunakunja mikeka, Bibi Jeni akatoa ufunguo mfukoni, ule wa sanduku la chuma, akamwekea Mama Debora kiganjani. "Kaa nao. Hata nikiuomba, usinipe." Mama Debora akaufunga kwenye pindo la kitenge.

Hajapona, yaya, sitakudanganya. Shamba linauzwa. Wageni hawaji tena, na mimi sasa nasukuma maboksi kwenye ghala Bankstown, na boksi huwezi kuliita Shangazi. Lakini kila Jumamosi mtu wetu anakwenda, kwa zamu. Juzi ilikuwa zamu yangu. Nikabisha hodi, kimya. Nikabisha tena, kimya. Nilisimama pale nikiwa mtoto tena, naangalia viatu kando ya mto. Halafu nikasikia akivuta miguu.

"Mbwa wangu mnamlisha nini?" akauliza, hata salamu hakuna.

"Bugali."

"Mrudishe kabla hajashindwa kupita mlangoni."

Nimemrudisha. Watoto wangu wamelia kwa Kiingereza.

Nisalimie shemeji mkoromaji, bibi anayekuuzia dagaa, na yule fundi cherehani aliyeniharibia suruali ya harusi, mwambie nimesamehe.

Na wewe, yaya, miaka yote unasema, laiti ningekataa kwenda jikoni. Ulikuwa mtoto, wakubwa walikuzima. Neno lako sikulisahau. Nimelibeba mpaka huku, na safari hii watu walikaa.

Mdogo wako anayekupenda,
Sadiki, mfalme wa farasi asiye na farasi