Nani Atajibu Kwamba Amekuja

Kambi ya Bwawa, Mto Nam Saen, Laos
3 Mei 1997

Mpendwa Inay,

Kutoka huku mbali nakuamkia, nachukua mkono wako na kuuweka kwenye paji la uso wangu. Goti lako je, bado linakusumbua mvua ikikaribia? Paa limezibwa? Nguruwe amezaa? Mimi nipo.

Uliniuliza kama watu wa huku nawaelewa. Kidogo kidogo. Mwalimu wangu ni Khampon, Mlao ninayesuka naye nondo, ingawa anacheka kuliko anavyofundisha. Sisi kwa Kitagalogi neno moja tunalibandika vipande mbele, katikati na nyuma mpaka linaelemewa kama punda wa sokoni. Yao ni mafupi, kila moja linasimama peke yake, ila lina wimbo wake, sauti kupanda au kushuka, na ukikosea wimbo umepotea. Khampon anasema nikiongea Kilao nasikika kama mtu anayehesabu nondo.

Halafu mpunga, Inay. Kwetu mpunga una jina lake, mchele lake, wali lake. Wao vyote ni khao. Nilimwambia hiyo ni lugha ya wavivu. Akanijibu, "Kaka, ni chakula kilekile. Ninyi mnakipa majina matatu, kwani kinawashibisha mara tatu?"

Mengine ni kama kwetu. Mkikutana hawaulizi habari ya asubuhi, wanauliza umekula. Siku ya kwanza waliniuliza umri kabla ya jina, wajue kama mimi ni kaka au mdogo. Na ukimjibu mzee lazima uweke kineno cha heshima mwishoni, la sivyo umetukana.

Kuna jambo moja. Wiki mbili zilizopita mwamba uliporomoka chini ya genge tulipokuwa tunafunga nondo. Khampon alinivuta kwa mkanda. Hakuna aliyeumia. Tulikimbia, basi. Tangu hapo sina hamu ya kula, na usingizi unakatika, lakini ni uchovu tu. Usihangaike.

Mwanao,
Emong


Lobo, Batangas
25 Mei 1997

Mwanangu Emong,

Mungu akubariki. Goti ni lilelile, paa linavuja, nguruwe amezaa saba na mmoja amemlalia.

Umeuliza hali yangu, ya goti na ya nguruwe. Yako umeandika "nipo". Tangu lini mtu mwenye afya akasema nipo?

Habari za mwamba nimezisoma mara nyingi kuliko za mpunga. Umesema mlikimbia, basi. Hilo "basi" ndilo linaloninyima usingizi. Ulijiita? Ulipotumbukia mtoni ukiwa mdogo, uliacha kula, macho yakawa yanatazama mbali. Nani alirudi pale ukingoni akaita, "Emong, twende nyumbani"? Jioni ileile uliomba samaki. Mtu akishtuka akaondoka mbio, mwili hutangulia na nafsi hubaki palepale ikishangaa.

Rudi kwenye mwamba. Jiite kwa jina la nyumbani, siyo Anselmo la kwenye karatasi. Na uite kwa Kitagalogi. Nafsi yako haijui nyimbo za Khampon.

Mama yako


Nam Saen
22 Juni 1997

Mpendwa Inay,

Natumaini goti limetulia. Mimi nakuandikia nikiwa nimelala, kwa hiyo usishangae mwandiko. Nina homa inayokuja na kuondoka. Zahanati walinitoboa kidole, wakasema si malaria, wakanipa vidonge vyeupe. Mkanda nimeutoboa tundu jipya. Msimamizi amenishusha kutoka ukutani, sasa nafagia ghala. Amesema fundi nondo anayetazama hewani atamwangukia mwenzake kichwani. Ni kweli.

Nilikwenda, Inay. Sikupaona mahali penyewe. Malango ya bwawa yamefungwa na maji yanapanda, na genge lote limezama. Nilisimama ukingoni nikaona aibu, nikanong'ona tu. Khampon akauliza naongea na nani. Nikamweleza, nikingoja kicheko. Hakucheka. Alisema, "Mbona hukusema siku ileile?"

Wao nao huita. Tofauti ni hesabu. Kwetu mtu ana nafsi moja, kwao anazo thelathini na mbili, kila kiungo na yake. Mama yake Khampon, Mama Thongdi, anasema mtu akiacha chache huweza kuishi, ila anaishi kama nyumba iliyofungwa vyumba. Nikamwambia Khampon afadhali ninyi, sisi ikipotea moja tumekwisha.

Mama Thongdi yuko tayari kuniita, lakini anajua Kilao tu. Mimi Kilao changu ni cha nondo na cha chakula. Wenzangu wa kwetu wamemaliza mikataba, wameondoka. Naogopa atamwita mtu asiyemwelewa. Niandikie upesi.

Mwanao,
Emong


Lobo
17 Agosti 1997

Emong,

Barua yako ilichelewa mno njiani. Nilijibu siku ileile, na tangu hapo kimya. Kila mtu wa posta anapopita napiga hatua moja nje, halafu narudi nikijifanya nilitoka kutazama kuku.

Sijui ninayemwandikia amekaa au amelala. Yeyote atakayeifungua barua hii, amsomee kwa sauti.

Emong, twende nyumbani. Usibaki huko. Wali uko mezani na samaki nimemkaanga mkavu unavyopenda. Nguruwe sita wamekua, mmoja ana sikio kama la marehemu baba yako. Paa nimezibisha upande wa kitanda chako. Emong, twende, giza linaingia.

Mama yako


Nam Saen
7 Septemba 1997

Mpendwa Inay,

Naushika mkono wako. Sasa nimekaa. Ile barua yako ya kwanza sikuipata, ya pili niliipata kwa namna hii.

Nilizidiwa, Khampon akanihamishia kwao. Mama Thongdi alichukua kikapu cha kuchotea samaki, akaweka shati langu, yai la kuchemsha, ndizi na wali wa kunata, tukapanda mtumbwi mpaka juu ya genge lililozama. Mimi nilikuwa nimefungwa blanketi kama mtoto. Akawa anachota maji na kuita. Njoo kwao ni ma, silabi moja tu, mtoto mchanga anaiweza. Aliita mpaka sauti ikakauka. Kisha akamwambia Khampon haitiki, labda hasikii lugha.

Barua yako ilikuwa imefika asubuhi ile. Khampon hajui hata neno la kwetu, lakini herufi hizi anazijua, na Kitagalogi unakitamka kama kilivyoandikwa. Basi akaisoma yote. Kuku, nguruwe, sikio la baba, kila neno akilipandisha na kulishusha kama anaimba kanisani. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Kisha nikalia, Inay. Alipofika mwisho akaniuliza, "Kaka, nimesoma nini?" Nikamwambia umesoma chakula cha jioni.

Mlangoni kwao Mama Thongdi aliuliza, "Amekuja?" Waliokuwa ndani, hadi jirani aliyefuata harufu ya kuku, wakajibu, "Amekuja." Ndivyo wanavyofanya, lazima wa ndani ajibu. Wakanifunga nyuzi nyeupe mkononi, nafsi zisitoke tena.

Sitakudanganya, sikusikia kitu kikiniingia. Lakini niliomba wali. Homa imeondoka. Ila bado kuna nyakati nasimama kwenye ngazi nikasahau kama nilikuwa napanda au nashuka. Mama Thongdi anasema wengi wamekuja, si wote.

Kampuni inaanza bwawa lingine kaskazini. Wananitaka miaka miwili. Khampon anakwenda. Sijatia saini wala sijakataa. Unasemaje?

Mwanao,
Emong


Lobo
28 Septemba 1997

Mwanangu Emong,

Mungu akubariki, na umshukuru Mama Thongdi kwa niaba yangu. Mwambie ana mwenzake huku, hata kama hatutasikilizana ila kwa kupeana chakula.

Nimejaribu na mimi. Jana jioni nilichukua shati lako la zamani na kikapu cha samaki, nikasimama nje ya kizingiti. Nikaita kwa lugha yetu. Kisha nikasema ma, kwa wimbo gani sijui. Labda huyo aliyebaki amezoea kuitwa hivyo. Halafu nikauliza kama walivyouliza wao, "Amekuja?"

Nikangoja. Sepa wa jirani akachungulia dirishani kuuliza nani amekuja. Nikamwambia arudi ndani kwake.

Ningeweza kujijibu, lakini sikutaka kusema uongo mlangoni kwangu. Mkataba ni wako, mkono wa kutia saini ni wako, na mimi sitakushika mkanda. Nakwambia tu hali ya nyumba ilivyo. Wa kuita yupo, na ataita leo tena. Wa kujibu ndiye hayupo.

Mama yako