Kitanda cha Maua Mbele ya Dirisha la Mama Mkwe

Nyumba Na. 14, Mtaa wa Kurrajong,
Toowoomba, Queensland.
29 Agosti, 2016.

Mpendwa mdogo wangu Coralie,

Pokea salamu zangu nyingi kutoka huku mlimani. Goti lako linasemaje? Natumaini limeshakubali kukunjika na unaweza tena kushuka ufukweni bila kushikwa mkono. Na Doug je, ameacha kupanda paani? Mwambie shemeji yake amesema mzee wa miaka sabini anayepanda ngazi anatafuta sifa za kaburini. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, ila midomo imepasuka kwa upepo wa magharibi ambao umevuma wiki nzima bila haya. Mikono yangu ndiyo hungeitambua. Udongo mwekundu wa huku umeingia kwenye mistari ya viganja na hautoki hata kwa ndimu.

Barua yako imekaa mfukoni mwa aproni tangu ilipofika. Nimeisoma nikimwagilia, nimeisoma nikingoja skonzi ziive. Unauliza uje majira gani, maana umesikia mji wetu ni mji wa bustani na hutaki kukosa maua. Coralie, hapa mtu hawezi kukosa maua hata akitaka. Hiyo ndiyo shida yenyewe, nami nitakueleza.

Ukimuuliza yeyote atakuambia njoo Septemba, wakati wa Sherehe za Maua. Mabasi yanapanda mlima yamejaa wamama wa kofia pana, wanaingia bustani za watu kama wanaingia sokoni, wanainama, wananusa, wanabishana majina. Yetu huwa wazi kwa wageni kila mwaka, nami huwaokea skonzi za boga na kuwatilia chai. Mwaka jana mmoja alinikuta nimechutama na mkasi wa kupogolea, akaniuliza, “Dada, wamekuajiri siku nyingi hapa?” Kabla sijafungua mdomo, mama mkwe akadakia kutoka kwenye kiti chake: “Huyo mkwe wangu! Mshahara wake ni kuniona mimi kila siku!” Wakacheka wote. Nami nikacheka, kwa sababu yule bibi akitaka kukuchekesha humkwepi.

Ukija mwishoni mwa Oktoba utakuta jakaranda, barabara zambarau juu na chini, na vijana wa chuo wamekunja nyuso, maana huku jakaranda ikichanua mtihani umeshabisha hodi. Ndio wakati wa mvua ya mawe pia. Mama mkwe akisikia radi anagonga kioo kwa bakora yake, nami natoka mbio na mablanketi ya zamani kufunika vitanda vya maua, wakati wenye akili zao wanaingiza magari ndani.

Kiangazi watu wa bondeni wanapanda huku kutafuta ubaridi. Mimi siku moja moja nikienda dukani napitia ukingoni mwa mlima, pale unapoona nchi yote ya chini ikielekea pwani. Bahari yenyewe haionekani. Najua ipo, mwendo wa saa mbili kwa gari, lakini tangu Trevor wangu afariki sijaiona. Sisi tuliokua na chumvi puani, Coralie! Nani angeamini.

Aprili na Mei majani yanageuka rangi na kupukutika, nami nayakusanya kwa reki mpaka mabega yanalia. Sasa hivi ni kipupwe, kinamalizikia. Asubuhi nyasi zinakuwa nyeupe kwa barafu, na lazima niamke nizimwagie maji pansi, yale maua mafupi ya majira ya baridi, kabla jua halijazifikia, la sivyo majani yanaungua. Umeona? Nimekuzungusha mwaka mzima, na hakuna mwezi ambao mimi siko bustanini. Nimefungwa, mdogo wangu. Nalisema neno hilo kwa mara ya kwanza, na nalisema kwako, kwa sababu hapa mjini hatulisemi. Hapa mtu akiulizwa hali, hata kama nyumba yake inawaka moto, anajibu hamna shida.

Na hamna shida ndiyo iliyonifunga. Siku tuliyomzika Trevor, ndugu yake Graham alinivuta kando jikoni kwa mama yao. Yeye na mkewe Yvonne wanakaa Brisbane, na walikuwa wameshaona nyumba ya kutunzia wazee jirani na kwao, tayari kumpokea mama. Graham akaniambia, “Shemeji, tusimng’oe mama leo leo. Kaa naye kidogo, aangalie kitanda chake cha maua pale dirishani mpaka maua yaishe. Kikibaki kitupu tu, siku hiyo hiyo naja na gari.” Nikamjibu, “Hamna shida.” Yvonne alikuwepo, anafuta vikombe. Nikahamia kwa mama mkwe na mabegi mawili.

Wewe ungemuuliza tarehe. Mimi sikuuliza, kwa sababu mji huu wote unahesabu hivyo. Watu wanaoana wisteria zikining’inia, wanapasuliwa macho kabla ya jakaranda, wanapaka rangi nyumba waridi zikishapogolewa, na hakuna anayeona ajabu. Nilidhani nimeahidi wiki chache.

Pansi zilikuwa hazijafa, popi zikawa zimeshachomoza katikati yake. Popi zikalegea, kumbe chini yake kuna maua ya kiangazi. Ya kiangazi yakachoka, krisanti zikawa tayari kwa Siku ya Mama, kisha pansi tena. Ndivyo wanavyofanya huku: kinachokuja kinapandwa ndani ya kinachokwenda, ili pengo lisionekane. Mama mkwe anaagiza, mimi napiga magoti napanda. Na Graham nimemkumbusha mpaka nimeona aibu mimi. Mara ya mwisho alisogea dirishani na skonzi yangu mdomoni, akachungulia, akasema, “Si unaona mwenyewe, Glen? Bado yanachanua. Utamng’oaje mtu hapo?” Kila mwamba ngoma huivutia kwake. Miaka minne imepita hivyo.

Usidhani namchukia mama mkwe. Thelma ana miaka tisini na moja na ulimi wa msichana wa ishirini. Tukicheza karata anaiba, anaficha mfalme chini ya blanketi, nikimshika anasema mfalme amejilaza mwenyewe. Trevor alipokuwa kitandani mwisho mwisho, ni yeye aliyeniambia nikalale, akakaa na mwanawe akimwimbia. Nampenda. Lakini nina miaka sitini na tatu, nyonga imeanza kunisema, na hicho chumba ulichoniwekea kwenu kinachotazama maji nakiota hata nikiwa nimeshika mpira wa kumwagilia. Nikikaa hapa mpaka nami niwe na bakora, nani atanileta huko pwani?

Sasa sikia yaliyotokea wiki iliyopita. Ulifika mfuko wa vitunguu vya maua, gladioli, yale maua marefu yanayosimama kama upanga. Yakipandwa sasa kati ya pansi, yanachanua pansi zinapokufa na yanafika Krismasi. Nikauweka mfuko mapajani mwa mama mkwe, nikajikaza.

“Mama, mwaka huu tusipande. Tukiache kitanda kipumzike.”

“Kipumzike? Kimekuambia kimechoka?”

“Mimi ndiye niliyechoka, mama.”

Akanitazama kwa yale macho yake ya buluu, akavua miwani. “Haya, sema lote. Unataka kiwe kitupu ili Graham aje.”

Sikujua kama anajua.

“Wewe binti, mimi ni mzee, si kiziwi. Siku ile mlikuwa mnanong’ona jikoni na mlango uko wazi. Unadhani zamani nilikuwa nakipanda kitanda hiki mwaka mzima? Wewe ulikuwa unakuja Jumapili na keki yako, hukuangalia. Kiangazi nilikuwa natandaza majani makavu juu yake, nakiacha kilale. Jua la Desemba ni la nini kuhangaika nalo?”

“Kwa hiyo miaka yote hii umenifunga.”

“Mimi nimeagiza maua tu. Magoti umepiga mwenyewe.” Akaupapasa ule mfuko kama mtu anayepapasa paka. “Usinitoe hapa, Glen. Panda. Yatakuwa mekundu.”

Nilitoka nje nikashika toroli, si kwamba nilikuwa na kitu cha kubeba. Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia Graham na skonzi zake, halafu nikaangalia kile kitanda na kuona kwamba hakuna shimo hata moja pale ambalo sikulichimba mimi. Nililia, Coralie. Nililia mpaka jirani akaniuliza kutoka ng’ambo ya ua kama kuna tatizo, na unajua nilimjibu nini.

Baada ya chakula cha mchana mama mkwe hulala. Alipoanza kukoroma nilivimimina vile vitunguu vya maua kwenye sufuria kubwa, ile ya kuchemshia nyama ya chumvi, nikavichemsha. Vilichemka vizuri sana, na jikoni kukanuka kama viazi vilivyosahauliwa kabatini. Nikavichuja, nikavipoza kwenye upepo, nikavifuta kimoja kimoja, nikavirudisha mfukoni. Alipoamka alinikuta nimepiga magoti mbele ya dirisha lake, navipanda katikati ya pansi kwa mstari ulionyooka, ncha juu kama alivyonifundisha. Aligonga kioo mara moja tu, kunionyesha kwamba kimoja kimelala ubavu. Nikakisimamisha.

Ndiyo maana nakuambia usije Septemba, wala usije kwa ajili ya jakaranda. Njoo Krismasi, wewe na Doug, na mje na begi moja tu, kwa sababu wakati wa kurudi mtakuwa na yangu. Pansi zitakuwa zimekufa kwa joto na hakuna kitakachochomoza. Graham na Yvonne huja siku hiyo kula nyama ya nguruwe na pudini. Atakwenda dirishani kama kawaida yake, na safari hii ataona udongo, na Yvonne alisikia ahadi kwa masikio yake. Nataka uwe umesimama kando yangu. Nikiwa peke yangu najijua, Graham akianza kusema tungoje krisanti, nitamjibu lile jibu letu la hapa mjini na mambo yatakuwa yale yale. Mgeni njoo, mwenyeji apone; sijawahi kuutamka msemo huo nikiwa na maana yake yote namna hii.

Sitakuficha jambo. Kile chumba cha nyumba ya wazee Yvonne ameshakwenda kukiona. Ni kisafi, wauguzi ni wapole, na wiki hizi kuna nafasi tena. Nilimuuliza dirisha linaangalia wapi, akasema linaangalia maegesho ya magari.

Na kila asubuhi mama mkwe ananiuliza kama yamechomoza. Namjibu, “Bado, mama, udongo bado baridi.” Anaridhika, anageukia chai yake. Kwenye karata hajawahi kuniamini hata siku moja, lakini mambo ya udongo nikimwambia anaamini. Ukiniona mtu mbaya nitakuelewa, uniambie tu waziwazi kama dada na dada. Lakini uje.

Nisalimie Doug sana, na mpwa wangu Tamsin, mwambie ana mama mkubwa mmoja tu na bado hajamwandikia. Msalimie na jirani yenu Noelene aliyenitumia zile soksi za sufu. Ndizo ninazovaa bustanini asubuhi. Mungu awape afya, aliponye goti lako kabisa, na abariki kila mlango mtakaopita mpaka mfike kwangu.

Mama mkwe yuko hapa kando, kwenye jua la dirishani, amefunikwa blanketi. Ameniuliza namwandikia nani, nikamwambia wewe. Anakusalimu kwa moyo wote. Anasema ukija, uje Krismasi, ukae kwenye kiti chake mwenyewe, uone gladioli zake zitakavyokuwa nyekundu.

Ni mimi dada yako ninayekupenda na kukungoja,

Glenys