Kucha ya Kidole cha Mwisho

Makambako, 8 Januari 2025

Mama mkwe mpendwa,

Shikamoo. Habari za baridi ya huko, na kifua chako kinaendeleaje? Mimi ni mzima wa mwili tu. Ulimchukua mwanangu Lukresia kwa Krismasi ukasema anarudi mwaka mpya. Sasa simu hupokei, na mume wangu Danford kila nikimpigia anajibu, "Ongea na mama." Haya, naongea.

Mtoto ana miaka mitatu, hasemi neno, na chakula kinampalia. Mlishe kidogo kidogo, akae wima, tafadhali sana. Barua hii anakuletea Halfan wa fuso la mbao. Mpe jibu.

Mkweo, Rejoice

Matembwe, 15 Januari 2025

Mama Lukresia,

Kamwene. Kifua kinauma, asante kwa kuuliza. Mtoto anakula na yuko mgongoni kwangu hata sasa. Kulea hutanifundisha wewe.

Tuseme ukweli. Kabla ya kukuoa tulituma watu wapeleleze ukoo wenu. Kifafa hakuna, wendawazimu hakuna, tukaridhika. Kumbe hatukuangalia mikono! Mtoto hana kucha kwenye kidole cha mwisho, na mama yako Conjesta hana. Ugonjwa umetoka kwenu. Wazee watakaa mwezi wa tatu, na shemeji yangu Fidelis ameshamuulizia Danford binti wa kuoa huko Ludewa. Mtoto atabaki huku. Wewe utarudi kwenu.

Bibi yake Lukresia

Makambako, 17 Februari 2025

Mama,

Shikamoo. Leo sina salamu ndefu. Kucha ya mama yangu iling'olewa na mlango wa lori la mahindi, stendi nzima iliona! Mngeuliza.

Majibu ya damu tuliyotolewa kabla ya Krismasi, ya mtoto, ya Danford na yangu, yametoka. Daktari anasema kila chembe ya mwili ina maagizo yote, kwenye uzi mrefu uliozungushwa ukabanwa. Wewe unafuma masweta, unajua uzi uliobanwa hauchukuliki mpaka uulegeze. Kwenye chembe za ubongo kuna protini za kazi hiyo. Zinalegeza hapa, zinabana pale, ili maagizo yanayohitajika yasomwe na mengine yakae kimya. Kwa Lukresia, protini moja ina upungufu. Maagizo ya kusema yapo, mama, ila mengine hayafunguki inavyotakiwa. Ya kucha nayo ni hivyo hivyo.

Na kosa hilo halikuonekana kwangu wala kwa Danford. Limejitokeza upya mimba ilipotungwa. Hakuna aliyelileta. Dawa ya kulifuta hakuna, lakini mazoezi yanasaidia, na hospitalini huku wanamsubiri. Wasomee wazee. Nirudishie mwanangu, nimechoka kulia.

Mkweo, Rejoice

Matembwe, 8 Machi 2025

Mwanangu Rejoice,

Kamwene. Unalala? Unakula? Barua hii anakuletea Eveline wa kwaya, Halfan haji mpaka Jumatatu.

Kikao kimekwisha mchana huu. Niliwasomea barua yako yote, na habari ya uzi nikawaeleza mwenyewe. Wakaelewa, nikadhani yamekwisha. Fidelis akasimama anacheka: "Basi kijana wetu ni mzima! Aoe Ludewa bila hofu."

Nikauliza, na Rejoice je, si mzima vilevile? Wakanitazama kama mtu aliyepiga kelele kanisani. Nikamgeukia Danford aseme neno. Mwanangu wa kumzaa alikuwa anachezea simu.

Mimi nilitaka kujua ugonjwa umetoka wapi. Nimejua haukutoka kwako, na bado wanakufukuza! Hasira imenishika. Nimewaambia nakuletea mtoto, wakasema nikivuka kizingiti naye nisirudi.

Jumatatu napanda fuso la Halfan na Lukresia. Nguo zangu zote nimeshafunga. Tutandikie sote wawili.

Mama yako,
Telesia