Vigae Viwili Vinavyolala Kushoto

Magarama, Gitega
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti limekuachia kidogo ukaweza kupalilia maharage. Mvua imefika huko Butihinda? Mimi mwili haujambo. Ni moyo uliokataa nikupigie simu, maana ungesikia sauti yangu ukaanza kunifariji kabla sijamaliza.

Mama, nimepoteza kigae cha Bibi.

Ni kile kipande cha shingo ya mtungi alioufinyanga mwenyewe, ulichotoka nacho kambini tuliporudi, ukakifunga kwenye kitenge. Nilikichukua bila kukuaga. Kama umekitafuta sandukuni, usimlaumu mtu. Kazi yangu unaijua: nachora nakshi za vyungu vya watu wa kale, walioishi hapa kabla ya yeyote kuandika lolote. Nakshi ya Bibi ilifanana mno na zao, nikataka kuwaonyesha wenzangu. Nilijivuna, sikufichi.

Wiki iliyopita niliosha vigae kumi tulivyovichimba, nikakiosha na cha Bibi humo humo ili nivipige picha pamoja. Desturi yetu ni kuandika namba kwa wino kigae kikishakauka. Nilivianika, wingu likatanda, nikavizoa vyote kwenye sinia moja. Nilipovirudia sikujua kipi ni kipi. Vilikuwa kumi na kimoja, udongo ule ule, alama zile zile. Vya watu wa kale nachora mstari kwa mstari; cha Bibi sikuwahi kukichora, nilidhani nakijua.

Nilikwenda kwa mkuu wetu wa kazi nikasema kweli. Hakufoka. Alivua miwani akaniambia, "Kigae bila namba hakina kwao, Jeanine."

Unajua mwenyewe tuliambiwa mara ngapi kwamba hatuna kwetu tuliporudi kutoka Tanzania. Mkuu akasema vyote kumi na kimoja vitaingia kwenye sanduku la visivyojulikana, litakalofungwa mwisho wa mwezi. Cha Bibi naweza kukitoa kabla ya hapo, ila niwe na hakika.

Basi nikavichora vyote, nikampelekea michoro Mama Zuhura, mwenye nyumba wangu. Ni Mwislamu wa hapa hapa mjini, amefinyanga tangu usichana, sasa anauza vyungu barazani. Nikamweleza kwamba alama zile zilichongwa kwa kijiti, kama nilivyoandika kwenye daftari la kazi mwaka mzima. Akanitazama kwa huruma.

"Hapa hakuna kijiti," akasema. "Iko nyasi wamesokota, wakaviringisha ku udongo mubichi. Lakini hizi mbili, we angalia, zinalala kushoto. Huyu alikuwa anasokota na mukono wa kushoto."

Hapo nikamwona Bibi akilini, akimenya ndizi kwa mkono wa kushoto, nawe ukimtania kwamba atakimbiza wageni.

Ila ni viwili, Mama. Kimoja ni cha Bibi. Kingine ni cha mwanamke tusiyemjua jina, aliyesokota nyasi zake kama yeye, zamani isiyohesabika. Nimekuchorea vyote viwili nyuma ya karatasi hii, kwa ukubwa wake halisi. Wewe ndiye uliyejitwika mtungi ule kila asubuhi kwenda bombani kule kambini. Ukikitambua, tia alama ya msalaba, Baba mdogo aniletee karatasi akija sokoni Gitega.

Nisalimie Baba mdogo, na dada yangu na mimba yake, na jirani anayekuchotea maji. Shangazi nisalimie pia, ila usimwambie bado.

Na usipokitambua, usikisie kwa ajili ya kunituliza. Mimi nami sitakisia. Nitaviacha viwili hivyo sandukuni, vimefungwa kwenye kitambaa kimoja. Bibi tulimwacha ng'ambo ya mpaka, kwenye makaburi ya kambi, hakuna wa kwetu wa kumpalilia. Nimelilia hilo kuliko kigae. Huku angalau atalala na mwenzake wa mkono wa kushoto.

Nisamehe, Mama.

Ni mimi mwanao niliyekosa,
Jeanine